Sauti za mama zitatoka kwenye ile simu

Swahiba wangu,

Pole na msiba. Nimeusoma ujumbe wako mara mbili. Tafadhali, simu ya mama usimpe mtu aifungue eti kwa kuwa tundu la waya limekufa. Maadamu bluetooth yake inawaka na kompyuta yako ya Linux ipo, rekodi zote za sauti yake zitatoka.

Umesema unazirusha moja moja, kila mara unabonyeza kukubali. Hiyo ni huduma ya kusukuma: simu inatoa, kompyuta inapokea. Iko nyingine ambayo kompyuta yenyewe huingia ndani ya simu na kupekua folda zake. Zote hutumia OBEX, utaratibu wa kurushiana mafaili, ila simu lazima iwe nayo hiyo ya pili. Simu nyingi za batani za zamani zinayo. Android kwa kawaida haina, ndiyo maana kwa simu yako mpya uliambulia patupu. Huko utahitaji kuweka programu ya ziada, au utumie waya.

Sakinisha obexfs kwanza, programu inayozionyesha folda za simu kama folda za kompyuta. Kisha kwenye dirisha la amri fungua bluetoothctl, programu ya kuiamuru bluetooth, uandike power on, halafu scan on. Anwani ya simu itajitokeza, jozi sita za tarakimu na herufi zenye nukta mbili katikati. Andika pair na anwani hiyo, kisha trust na anwani hiyo hiyo. Simu ikiuliza namba ya siri, tunga yoyote, hata 1234, mradi ifanane pande zote mbili.

Toka humo, uandike sdptool browse na anwani. Yatamwagika maneno mengi, ndiyo orodha ya huduma za simu. Wewe tafuta OBEX File Transfer, ndiyo ile huduma ya pili, na chini yake namba ya Channel. Usipoiona kabisa, usijisumbue na yanayofuata, niandikie tutafute njia nyingine. Ikiwepo, tuseme ni 10, andika haya, na penye ANWANI weka ile ya simu:

mkdir ~/simu
obexfs -b ANWANI -B 10 ~/simu

Haitasema kitu. Mimi mara ya kwanza nilidhani imegoma, nikaandika ls ~/simu, na hapo zikajipanga folda za simu yangu, na ya kadi ya kumbukumbu pia, kana kwamba nimechomeka flashi. Nilikaa nazitazama tu.

Sasa hapa unisikilize. Usizifungue kwa dirisha la mafaili lenye picha ndogondogo, kwa sababu litaanza kuvuta kila faili ili lichore picha yake, na bluetooth haina mbio hizo. Zile za zamani husafirisha megabiti 1 kwa sekunde, zilizofuata 3, tena hizo ni za kwenye karatasi. Megabaiti 30 kwa simu ya namna ya mama ni dakika 4 au zaidi. Nakili folda nzima kwenye kompyuta kwa amri ya cp -r, weka simu kwenye chaji, uiache pembeni ya kompyuta, uende ukafanye jambo lingine.

Majina ya rekodi zake huenda yakaishia na .amr. Zisikupe hofu, programu ya ffplay inazicheza. Ukimaliza andika fusermount -u ~/simu ili kuitenganisha simu na kompyuta, kabla ya kuzima bluetooth.

Na usifute chochote kwenye simu mpaka umesikiliza kila moja hadi mwisho, kisha uzinakili mahali pa pili. Ukiifikia ile aliyoimba, nipigie hata kama ni usiku wa manane. Nami nataka kumsikia.

Ni mimi,
rafiki yako wa siku zote