Tusilikimbilie koleo gego la mtoto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wazazi wa Pemba, na pia wenzangu tunaoshika koleo, juu ya meno ya watoto wetu wa skuli.

Mtoto akifika miaka 6 hivi humuota gego nyuma kabisa ya meno ya utotoni. Halingoji jino jengine ling'oke ndipo liote, kwa hivyo nyumbani hakuna anayelitambua. Likianza kutoboka utasikia: "Liwache, la utotoni hilo, litatoka lenyewe." Wapi! Hilo ndilo la kutafunia mpaka uzeeni. Huletwa kwetu baada ya kulala na karafuu mdomoni siku kadhaa. Karafuu hatukosi, na kweli mafuta yake hutia ganzi, lakini jino huendelea kuoza chini kwa chini, na maumivu yakinyamaza safari ya hospitali huahirishwa.

Kinachonikera zaidi ni kinachofuata. Mtoto wa darasa la pili anakaa kitini, gego limetoboka hadi kwenye kiini, na uamuzi unakatwa hapo hapo: ling'olewe.

Jino linapochomoza, mzizi wake bado unajengwa. Huhitaji kama miaka 3 zaidi kurefuka, kunenepa na kufunga ncha. Mjenzi wake ni hicho kiini, nyama laini ya ndani yenye damu na mishipa ya fahamu. Kikifa kabla ya kazi kwisha, mzizi hubaki mfupi na kuta zake nyembamba, na hata ukiliziba jino vizuri huweza kuvunjika shingoni kwa pigo dogo tu.

Kiini kilichoonekana si lazima kitolewe chote, seuze jino lenyewe. Mwaka 1978 daktari Miomir Cvek wa Sweden alieleza alivyotibu meno 60 ya mbele yaliyovunjika mpaka kiini kikawa wazi. Alikata milimita 2 hivi tu za juu, akasubiri damu isimame, akafunika kwa dawa ya kalsiamu haidroksaidi, akaziba. Asilimia 96 yalipona, na wamo waliotibiwa miezi kadhaa baada ya kuumia. Kwa hivyo "kachelewa huyu" peke yake si sababu ya kung'oa. Nasi msimu wa karafuu, watoto wanavyoparamia mikarafuu, meno ya mbele yaliyokatika hayatupungukii.

Kwa gego lililooza hutolewa kiini cha juu, hata chote kilichomo kichwani mwa jino, na cha mizizini huachwa kiendelee na kazi yake. Damu ndiyo inayokuongoza: ukikandamiza pamba yenye dawa kwa dakika chache ikasimama, kilichobaki kina uhai wa kutosha. Ikikataa, unashuka kidogo zaidi. Kiini kikishakufa na usaha umetanda, hapo ni matibabu mengine, marefu zaidi.

Najua tutaambiwa saruji za kisasa za kufunikia kiini, za kalsiamu silikati, ni ghali. Ni ghali kweli, na naiomba Wizara ya Afya izifikirie hospitali za wilaya, zisiishie mijini. Lakini Cvek hakuwa nazo. Alichotumia ni unga wa bei nafuu ambao madaktari wa meno wanaujua miaka mingi.

Wazazi nao wana lao. Maumivu yakiisha hawarudi tena, na bila ya eksirei baada ya miezi hatuwezi kujua kama mzizi unaendelea kukua. Jino linaweza kufa kimya kimya.

Basi mzazi, ukiambiwa gego la mwanao wa miaka 7 au 8 ling'olewe, muulize daktari kwa adabu kabla hujakubali: mzizi wake umeshafunga? Kiini bado ki hai? Akikujibu bila ya kulipiga picha wala kuligusa, omba barua uende kwengine.

Tabibu wa meno,
Wete, Pemba