Kwa Kamishna wa Ulinzi wa Taarifa Binafsi: Ujumbe uliosimbwa bado unapimika

Mheshimiwa Kamishna,

Ukaguzi wa tovuti za afya unapouliza tu kama mawasiliano yamesimbwa, jibu la "ndiyo" halimlindi mgonjwa. Usimbaji huficha maneno. Hauufichi ukubwa wa ujumbe, wakati ulipopita wala anwani ya seva. TLS, itifaki inayolinda mawasiliano ya tovuti, inapotumia njia ya usimbaji iitwayo AES-GCM, ujumbe uliosimbwa huuzidi wa awali kwa baiti chache zisizobadilika, hivyo mwenye Wi-Fi au mtoa huduma wa intaneti anaupima bila kuufungua.

Chukua kisanduku cha kutafutia ugonjwa. Mtumiaji akigonga "k", seva hurudisha orodha ya mapendekezo. Akiongeza "i", orodha nyingine. Tuseme majibu ni ya baiti 1,204, kisha 873, kisha 391. Mdukuzi hufungua tovuti hiyohiyo, hujaribu herufi zote 26 za kibodi, hubakiza zile ambazo majibu yake yana baiti 1,204, ndipo aende kwenye herufi ya pili. Hana haja ya kubahatisha neno zima, na hapo ndipo hatari ilipo: herufi chache tu, ugonjwa umejulikana. Watafiti walilionyesha jambo hili mwaka 2010, na visanduku vya namna hii vingalipo.

Tunaomba mkaguzi apime mwenyewe. Anase pakiti, yaani vipande vya data vinavyopita mtandaoni, kwa programu ya Wireshark, atafute ugonjwa mmoja mara 20, kisha mwingine mara 20, alinganishe ukubwa na mfuatano. Akiweza kuyatofautisha bila ufunguo, tovuti imeshindwa.

Dawa ni kuyajaza majibu yote data tupu yafikie ukubwa mmoja, na hapa wengi hukosea. Wanaojaza nafasi tupu kabla ya gzip, programu ya kubana data, hupoteza kazi yao, maana gzip huzibana zikabaki karibu si kitu. Wanaojaza kiasi cha kubahatisha nao hufichuka, kwani anayetazama mara nyingi hupata wastani. TLS 1.3, ya mwaka 2018, inaruhusu ujazaji baada ya kubana, ila lazima uwashwe.

Kwa kisanduku chenyewe kuna njia rahisi zaidi: orodha yote ya magonjwa ipakuliwe mara moja ukurasa unapofunguka, utafutaji ufanyike ndani ya kifaa. Hapo hakuna ombi linalotoka kwa kila herufi. Tunaomba hilo liwe sharti la usajili kwa kila tovuti inayomuuliza mtu anaumwa nini.

Wako,
Wahandisi wa usalama wa mitandao