Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wakusanyaji Sarafu za Michezo

Ndugu wajumbe wa kamati, ndugu wanachama,

Katiba inanitaka nitoe taarifa ya mwaka. Nitajitahidi kuwa mfupi, ingawa mwaka wenyewe ulikuwa mrefu.

Shughuli za kawaida mnazijua. Kamati ilikaa vikao vinne kati ya sita vilivyopangwa. Mnada wa ndani ulifanyika. Vipande 31 viliuzwa, 9 vikarudi kwa wenyewe. Mada tatu zilitolewa: marki 10 za Olimpiki ya Munich 1972, pauni mbili za Uingereza za Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 1986, na peni 50 za London 2012. Hiyo ya mwisho niliitoa mimi, baada ya mtoa mada kuomba udhuru saa mbili kabla ya muda, na waliokuwepo watakumbuka tulivyocheka tulipofika kwenye kile kipande kinachofundisha sheria ya kuotea. Maonyesho ya wazi nayo yalifanyika. Maelezo yote ya ukutani niliyaandika mwenyewe, na kabati la vioo lilibebwa na gari langu kwenda na kurudi. Sidai kitu. Nataja tu kwa kuwa ripoti ya mweka hazina haina mstari wa kuonyesha hilo.

Sasa nije kwenye suala ambalo najua ndilo lililowaleta wengi wenu leo, maana naona nyuso ambazo mara ya mwisho niliziona kwenye mkutano mkuu uliopita.

Mwezi wa nne kamati iliuza seti ya chama ya sarafu za Olimpiki ya Montreal 1976, vipande vyote 28 vya dola 5 na dola 10, na kwa mapato hayo ikanunua sarafu mbili za Ufini za markka 500, moja ya mwaka 1951 na moja ya 1952. Maneno yaliyofuata mnayajua. Nimeitwa mtu aliyetoa ng'ombe akapewa kuku wawili. Yupo mwanachama aliyetusambazia hesabu: Montreal ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo moja, asilimia 92.5 ikiwa madini halisi ya fedha, wakati kila sarafu ya Ufini ina gramu 12 tu na nusu yake ndiyo fedha. Hesabu yake ni sahihi kabisa. Mimi sibishani na mizani. Ninachosema ni kwamba hatukuanzisha chama hiki ili kupima vyuma.

Kifungu cha pili cha katiba kinasema tunakusanya na kueleza sarafu ambazo serikali zimetoa ili kusaidia kugharamia michezo mikubwa ya kimataifa. Safari hiyo, kwa Olimpiki za kisasa, ilianzia Helsinki, Ufini, mwaka 1952. Kabla ya hapo hakuna nchi mwenyeji iliyokuwa imetoa sarafu ya kumbukumbu ya aina hii. Zenye mwaka 1951 zilitengenezwa pungufu ya 20,000. Za 1952 zikazidi nusu milioni. Chama chetu kilikuwa na Tokyo, Mexico, Munich na Moscow, lakini ukurasa wa kwanza wa albamu ulikuwa mtupu. Ninyi hamkuwa mnaifungua albamu hiyo mbele ya wageni. Mimi ndiye niliyekuwa nikiifungua.

Montreal ni nzuri, sikatai. Lakini hizo sarafu zilianza kutoka 1973, zikaja kwa mafungu, na fedha zilizopatikana zilikuwa chini sana ya matarajio. Meya Jean Drapeau alikuwa ametangaza kwamba Olimpiki haiwezi kuleta hasara, kama vile mwanamume asivyoweza kuzaa. Deni la michezo hiyo lilikuja kumalizika 2006, miaka 30 baadaye, na si sarafu zilizolimaliza. Naafiki kwamba tungebakiza hata vipande viwili vya kusimulia kisa hicho. Mnunuzi alitaka seti kamili au basi.

Kuhusu haraka: mnunuzi alitupa siku tano. Niliitisha mkutano wa dharura, wakaja watu 11, na akidi ni 20. Hapo ndipo kamati ilipotumia mamlaka yake. Barua ndefu kuliko zote zimeandikwa na watu ambao siku ile hawakuja, na katibu anayo orodha ya mahudhurio kwa anayetaka kuiona.

Tena, sarafu ya 1951 ni kweli imewahi kusuguliwa. Ukiiweka chini ya lenzi utaona mikwaruzo myembamba karibu na ukingo. Niliiona kabla ya kulipa na bei ikashuka kwa sababu hiyo. Wanaonong'ona kwamba nilidanganywa naomba wanong'one kitu kingine.

Lipo pia suala la wanachama 17 waliochangia maonyesho kwa ahadi ya kurudishiwa ziada. Hapa naomba tukumbuke Marekani. Kwa Los Angeles 1984, kila dola ya fedha iliuzwa na nyongeza ya dola 10 juu yake, na kila sarafu ya dhahabu nyongeza ya dola 50, zikapatikana zaidi ya dola milioni 73 kwa ajili ya michezo na wanamichezo. Utamu ule ukawazidi. Kwa Olimpiki ya Atlanta 1996 walitoa miundo 16, kila mmoja kwa namna mbili, mkusanyaji akitakiwa kununua vipande 32 ili akamilishe. Watu walichoka. Na kwa utaratibu wa zamani shirika lililokusudiwa kusaidiwa lililipwa nyongeza yake hata pale kiwanda cha serikali cha sarafu kilipopata hasara. Sheria ya mwaka 1996 ikakata mzizi: gharama za kiwanda zirudi kwanza, na sarafu za kumbukumbu zisizidi miradi miwili kwa mwaka. Nasi tulifuata njia hiyohiyo. Ukumbi na mlinzi vililipwa kwanza, na baada ya hapo hakikubaki kitu. Mweka hazina anazo stakabadhi zote isipokuwa mbili.

Mahudhurio ni msiba. Tuko wanachama 58 kwenye daftari, na wastani wa waliohudhuria ni 14. Mada ya Munich walikuja sita, mmoja wao akiwa anasubiri mvua ikatike. Mtoa mada alikuwa amejiandaa wiki nzima kutueleza jinsi toleo la kwanza la sarafu lilivyoandikwa "in Deutschland" (nchini Ujerumani), Ujerumani Mashariki ikalalamika, na maandishi yakabadilishwa kuwa "in München" (mjini Munich). Aliwaeleza viti.

Ada ndiyo usiseme. Waliolipa kamili ni 23, waliolipa nusu 12, na 23 waliobaki hawajatoa hata senti, wakiwemo watatu walioniandikia kuhusu matumizi mabaya ya fedha za chama. Sitawataja. Wanajijua.

Kwa mwaka ujao, Mungu akipenda na ada zikilipwa, tunatarajia kuimarisha ukurasa wa Kombe la Dunia, hasa sarafu za Uhispania 1982 na Ujerumani 2006, kuangalia uwezekano wa kuchapa orodha ya mkusanyiko wetu, na kuanza mazungumzo na vyama vingine. Pengine, bei ya madini ya fedha ikishuka, hata Montreal itarudi.

Uchaguzi ni ajenda ya saba. Baadhi yenu mmeniomba niendelee, nami sijakataa. Sarafu mbili za Helsinki ziko pale mezani ndani ya vifuko vyake. Anayetaka kuzitazama apitie kwa mweka hazina, ambaye amekaa meza hiyohiyo na kitabu cha stakabadhi.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti