Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka wa kukusanya sauti za wazee wa shaba

Ndugu wanachama, baba na mama,

Nianze na aibu yangu, maana wengi mmeisikia huko mtaani Katuba kabla sijaisema mwenyewe. Mwezi wa saba, simu iliyobeba sauti za wazee saba iliniponyoka ikatumbukia kwenye ndoo ya maji. Fundi aliianika siku mbili, akanirudishia ikiwa bubu. Na kaseti ambazo mwenzetu alimrekodi baba yake mwaka 1986 bado zinasikika, hata jogoo wa jirani anawika katikati ya maneno.

Mwaka huu tuliuliza jambo moja: shaba ilitufanya nini, na sisi tuliifanya nini? Kwenye jumba la makumbusho hapa Lubumbashi tulitazama misalaba ya shaba, yaani vipande vya shaba vya umbo la msalaba. Mababu waliyeyusha mawe ya kijani kwa makala na mivukuto karne nyingi kabla ya reli. Katika makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, yaliyochimbuliwa mwaka 1957 na 1958, misalaba ya zamani zaidi ni mikubwa. Ya baadaye ni midogo, inalingana, nayo huonekana hata mikononi mwa marehemu. Ilikuwa tayari imegeuka pesa. Fundi wa shaba alikuwa na moto uleule, ila soko lilimpa kipimo.

Reli ilifika kutoka kusini mwaka 1910, na tanuru la kampuni ya madini ya Wabelgiji, Union Minière, likaanza kutoa shaba mwaka 1911. Mwanzoni walitakiwa wanaume peke yao, kwa miezi michache. Wengi walikufa, wengine walitoroka. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ikaongeza mikataba na kuwaleta wake zao kambini. Ilikuwa hesabu, si huruma. Lakini watu wa Kasai, Luapula na Rwanda walipokaa ukuta kwa ukuta, Kiswahili cha kuamrishana kazini kikawa cha kubembelezea watoto.

Mama mmoja alituambia alivyokuwa akiuza bukari, yaani ugali, getini mwa kampuni. Hakuwa na saa. King'ora kikilia, ndipo anatia unga kwenye maji. Wanaume wakitoka, bukari bado linafuka. Kampuni iliweka king'ora kwa ajili ya zamu, yeye akakifanya saa ya jiko.

Michango imetosha nauli tu, kwa hiyo kinasa sauti bado hatuna. Betri ya simu iliyozama ina kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inachimbwa huku kwetu. Huenda kobalti hiyo ni mtoto wa nyumbani, ikaja kufia kwenye ndoo yangu.

Kati ya wale saba, wawili wametutoka. Watano wamekubali kusimulia upya. Tutaanza na mama wa bukari, kwake, Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa pili, saa nane mchana. Anayekuja alete kiti, na mwenye redio ya kaseti inayorekodi aje nayo.