Mama yangu aliondoka bila kunywa hata maji

Shangazi, shikamoo.

Saa tisa usiku hii naandika, Doto kalala kifuani, nikimshusha tu anaanza upya. Mama yangu aliondoka kwangu bila kunywa hata maji. Katoka Uyui kwa bodaboda, na magoti yake yale, na kuku mkononi.

Pacha wetu ni wa kiume na wa kike. Akika nilifanya siku ya saba, mbuzi watatu, wawili wa Kulwa na mmoja wa Doto, deni lake bado nalipa. Nikajua yameisha. Kumbe mama anakuja na bibi watatu na ngoma wameiviringisha kwenye kitenge. Unatujua Wanyamwezi na mapasa, yaani pacha: lazima wachezewe, dawa inyunyizwe, wazazi waimbiwe matusi ya nguoni mchana kweupe, la sivyo watoto hawakai.

Sikumfukuza, jamani. Dada zangu wanaeneza kwamba nimemfukuza. Nilisimama mlangoni nikamweleza kama sheikh alivyonieleza, kwamba dufu lilipigwa hata zama za Mtume, ubaya si mlio wa ngoma, ubaya ni kutaka mizimu ilinde watoto; hiyo ni shirki, na yale matusi hayana sura. Labda sauti ilipanda kidogo, majirani walikuwa wamejaa. Mke wangu akaleta maji kwenye kikombe. Mama akakitazama, akakaza kanga yake, akageuka. Hata maji, Shangazi!

Mimi jina langu la nyumbani ni Shija, na maana yake unaijua: aliyezaliwa baada ya pacha. Niliowafuata walikufa hawajafika siku arobaini, na marehemu baba, aliyekuwa ndiyo kwanza amesilimu, ndiye aliyekataza ngoma. Zahanati walisema homa. Mama hajawahi kutamka lolote juu ya hilo, na siku ile pia hakutamka. Angesema basi, nijue najibu nini.

Simwombi radhi, maana sijakosa. Ila radhi yake naitaka. Nikimpelekea doti ya kanga na sukari atapokea? Na wakicheza huko huko kwake, watoto wakabaki hapa na mama yao, mimi nikakaa tu uani kama mgeni, nitakuwa nimeshiriki?

Sheikh sijamuuliza hili. Naona haya, kwa sababu kinachomnyamazisha Doto sasa hivi ni wimbo mmoja wa mapasa. Nauvumisha puani tu, maneno siyatamki.

Baba Kulwa,
Tabora Mjini