Filamu za wiki kwa sebule yenye watu wengi

Dar es Salaam,
Jumamosi jioni

Mpendwa Mama Salma,

Salaam nyingi kwako, kwa Baba Salma na watoto. Mama mkwe mfikishie shikamoo yangu.

Umeniomba filamu za kuangalia wiki hii, na sharti ulilotoa ni moja tu: ziwe nzuri. Halitoshi, shosti. Pale sebuleni kwenu kuna mama mkwe asiyesoma maandishi ya chini, kuna watoto wa kuamka alfajiri, na kuna baba anayefika usiku kwa sababu ya foleni. Ukiwawekea filamu ya dakika 150 siku ya Jumanne, hata iwe nzuri vipi, utabaki unaangalia peke yako huku wengine wanakoroma. Kwa hiyo nimepanga kwa urefu na kwa lugha kwanza, sifa zimekuja baadaye.

Hesabu ya siku za kazi ni hii. Habari zinaanza saa mbili usiku. Mkianza filamu saa tatu, ya dakika 90 inaisha saa nne na nusu, na hapo kila mtu bado ana macho. Hiyo ni ya kwenye flashi au iliyopakuliwa. Ikirushwa na kituo chenye matangazo, filamu hiyohiyo inaweza kuwafikisha karibu na saa tano. Basi kati ya Jumatatu na Alhamisi usiguse kitu kinachozidi dakika 100.

Jumatatu anzeni na Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotoka 2021, maana ni ya Kiswahili na mama mkwe hatahitaji mkalimani. Ni Zanzibar ya miaka ya 1950: Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mwanamume mzee, anaondoka kwa mumewe, anapokelewa na Mwajuma katika eneo la Ng'ambo mjini humo, kisha anakutana na Denge, kijana wa harakati za kupinga ukoloni. Ina urefu wa saa moja na nusu hivi. Mambo mawili uyajue mapema. Kwanza, inakwenda taratibu na inaacha ukimya useme, ukianza kuuliza "sasa hapo kumetokea nini?" kila dakika, utawaharibia wenzako. Pili, ina giza jingi, la usiku na la ndani ya nyumba. Zimeni taa ya juu, muwashe ndogo nyuma ya TV, na kwenye picha ondoeni ile hali ya kuokoa umeme, ambayo ndiyo hufifisha kila kitu. Salma kama anaisoma riwaya ya Adam Shafi yenye jina hilohilo, ambayo filamu imetokana nayo, mwonye asiitumie filamu kujibia mtihani. Kitabu kina matukio mengi ambayo hayamo, na mwalimu ataona tu. Wadogo walale kwanza, mapenzi yamo.

Jumanne pumzikeni na tamthilia yenu.

Jumatano Baba Salma atataka mpira wa Ulaya, ambao kwetu huanza saa nne au saa tano usiku kutegemea majira ya kule. Ndiyo maana siku hiyo nimeiwekea filamu fupi kuliko zote, Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya Kenya, 2018, dakika 74 tu. Mkianza saa mbili na nusu, saa tatu na dakika 44 mmemaliza, na rimoti anapewa mwenyewe bila ugomvi. Jo ana miaka tisa, ni mgonjwa wa kutopona, na anapenda filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Dada yake anakishawishi kijiji kizima kimfanye aamini kwamba na yeye anazo. Watoto wataielewa yote, na hapo ndipo penye tahadhari: ni filamu ya kifo cha mtoto, haizungukizungukii jambo hilo. Kama nyumbani mna msiba wa karibuni, iahirisheni. Vinginevyo waacheni waangalie na wajibuni maswali yao. Kwa maoni yangu, hakuna filamu ya Afrika Mashariki inayozungumza na mtoto kwa heshima kama hii.

Alhamisi ni yenu wawili. 12 Angry Men, ya Marekani, 1957, Sidney Lumet, dakika 96, nyeusi na nyeupe. Msidhani TV imeharibika rangi, wala msiguse ukubwa wa picha mkiona mistari myeusi ubavuni, ndivyo ilivyopigwa. Kabla hamjaanza mweleze Baba Salma utaratibu wa kule, kwa sababu mahakama zetu hazina baraza la namna hiyo: raia kumi na wawili wanafungiwa chumbani, na hukumu lazima wote wakubaliane. Kura ya kwanza, kumi na mmoja wanasema kijana amemuua baba yake, mmoja anasema tuzungumze kwanza. Karibu filamu yote inabaki kwenye chumba hicho kimoja, na bado huchoki. Siri moja iko kwenye kamera. Mwanzoni imewekwa juu ya usawa wa macho na lenzi inayopanua chumba. Kadiri muda unavyokwenda inashuka na lenzi zinabadilishwa, mpaka kuta zinaonekana zimewasogelea. Angalieni joto na jasho vinavyosaidiana na hilo. Ubaya wake ni maneno: wanaongea kwa kasi na kukatizana, hivyo washeni maandishi hata kama Kiingereza chenu ni kizuri.

Ijumaa, watoto wakilala, wekeni Nairobi Half Life ya David "Tosh" Gitonga, 2012, dakika 96. Mwas anatoka kijijini kwenda Nairobi kutafuta uigizaji, siku ya kwanza anaibiwa kila kitu na kuishia mahabusu, halafu anaishi maisha mawili, jukwaani na kwenye genge. Kisheng kitawapiga chenga dakika kumi za mwanzo. Vumilieni, sikio litazoea. Matusi yapo, damu ipo, machangudoa wapo. Mama mkwe usimwite.

Jumamosi mchana ndiyo nafasi ya filamu ndefu, na hapa nimechagua kwa makusudi Hatari! ya Howard Hawks. Ina dakika 157. Mkianza saa nane mchana mnamaliza saa kumi na dakika 37. Ilipigwa Tanganyika kabla ya Uhuru, ikatoka 1962, na John Wayne ndiye kiongozi wa kikundi kinachokamata wanyama wa kupeleka kwenye bustani za Ulaya na Marekani. Kisa chenyewe ni chepesi mno. Kinachokuweka kitini ni zile mbio: mtu kaketi kwenye kiti kilichofungwa mbele ya gari, mkononi ana mti wenye kitanzi, kifaru anapiga bati pembeni yake, na waigizaji wenyewe ndio wanaoonekana pale. Mama mkwe hatahitaji Kiingereza kwa hayo, na Arusha ile ya zamani, mwishoni ndama wa tembo wanapokatiza mitaani, itampa ya kusimulia. Katikati inalegea kwa utani wa mapenzi na vinywaji; hapo ndipo pa kuchemsha chai. Jambo moja waambieni watoto bila kuficha: Waafrika humo karibu wote ni wafuata nyayo na watumishi, kwenye nchi yao wenyewe.

Jumapili Queen of Katwe ya Mira Nair, 2016, kuhusu Phiona Mutesi wa Kampala na mchezo wa sataranji. Dakika 124, hivyo muianze saa tisa alasiri, sare za shule bado mtazipiga pasi kwa nafasi. Lupita Nyong'o ndiye mama. Iko kwa Kiingereza, basi Salma akae karibu na bibi yake amwelezee kwa ufupi. Sataranji hamhitaji kuijua. Msizime majina yanapoanza kupita, maana hapo waigizaji wanasimama pamoja na watu halisi waliowaigiza.

Ya akiba ni Lagaan, ya India, 2001: wanakijiji wanacheza kriketi na wakoloni ili wasamehewe kodi. Dakika 224! Mechi ya mwisho peke yake inazidi saa nzima. Iwekeni siku ya mvua, mkatize katikati mle.

Sasa vyombo, maana wiki nyingi huharibikia hapo. Flashi iliyopangwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga mafaili, haipokei faili linalofika GB 4, ndiyo sababu filamu ndefu kama Lagaan ikiwa na picha nzuri hugoma kunakiliwa hata flashi ikiwa na nafasi. Ipangeni upya kwa NTFS, lakini hamisheni vilivyomo kwanza, kwani itafuta kila kitu. ExFAT baadhi ya TV haziisomi. Maandishi ya chini yawe faili la srt lenye jina lilelile la filamu, herufi kwa herufi, na yakae folda moja nayo. Yakikatika chini ya kioo, TV imekuza picha: nenda kwenye ukubwa wa picha uchague ule wa asili. Picha ikija bila sauti, mara nyingi sauti hiyo ni ya DTS na TV yenu haiijui. Tafuta nakala yenye AAC. Na ile sabufa, tafadhali, punguzeni besi. Muziki utapungua ladha kidogo, ila maneno yatasikika.

Mkiangalia kwa intaneti, Netflix hula kama GB 1 kwa saa kwa picha ya kawaida na hadi GB 3 kwa picha kali. Kwa bando la simu chagueni ya kawaida, na mpakue mapema badala ya kungoja saa tatu usiku mtaa mzima ukiwa mtandaoni. LUKU isiwatishe: TV ya LED ya inchi 32 hula wati 50 hivi, yaani yuniti moja inaiendesha kwa muda wa saa 20. Sabufa na king'amuzi ndivyo vinavyoongeza. Kinachotesa ni pale umeme unapokatika Ijumaa katikati ya filamu, kwa hiyo angalia salio kabla hamjaketi.

Nijibu kabla ya Jumatatu: TV yenu ina tundu la HDMI, au ni yale matatu ya rangi tu? Nikijua nitampa kijana kebo inayofaa aje nayo pamoja na flashi.

Wako,
Mama Jabiri