Waandaaji, turuhusuni tuje na pedi zetu za gemu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nizungumze na waandaaji wa mashindano ya gemu za kupigana hapa Nyanda za Juu Kusini, pamoja na vijana wanaokuja kuniuliza wanunue pedi gani, yaani kile kifaa cha mkononi cha kuchezea gemu. Mimi ni fundi wa pedi na mashine za gemu, Mwanjelwa, Mbeya. Tekken, gemu ya kupigana, nimeanza nayo tangu ile ya tatu, kwenye PlayStation ya kwanza, na hadi leo nikishafunga kazi jioni nacheza.

Kilichonisukuma kuandika ni mashindano ya Tekken 7 yaliyofanyika hapa mjini, ambako wachezaji walikatazwa kutumia pedi zao. Sababu tuliyopewa ni haki: wote washike pedi za ukumbini. Binti mmoja alikuwa ametoka Tukuyu na pedi yake kwenye begi, akapewa nyingine ambayo batani ya mshale wa chini ilikuwa imekufa nusu. Na binti huyo hucheza kama Kazuya, mmoja wa wapiganaji wa Tekken. Ngumi ya umeme ya Kazuya inatoka hivi: mbele, achia, chini, kisha chini-mbele pamoja na mkono wa kulia. Hiyo chini-mbele na ngumi lazima viingie kwenye fremu, yaani picha, ileile moja, na gemu inakwenda fremu 60 kwa sekunde. Una kama milisekunde 17 tu. Ukikosea hapo inatoka ngumi ya kawaida, ambayo mpinzani akiikinga anakurudishia vizuri kabisa. Alitolewa mechi ya kwanza, na nyuma yangu nikasikia watu wakisema hajui kucheza. Iliniuma sana.

Pedi hiyo baadaye ililetwa mezani kwangu kutengenezwa. Chini ya mishale kuna kipande cha raba chenye vidonge vyeusi vya kaboni. Ukibonyeza, kidonge kinagusa karatasi nyembamba ya plastiki iliyochorwa njia za umeme. Kidonge cha upande wa chini kilikuwa kimelika hadi kung'aa, na ile karatasi imepauka kwa jasho. Ukiubonyeza mshale katikati ulikuwa unaitika. Ukiubonyeza kwa pembeni, kama unavyofanya unapotafuta chini-mbele, ulikuwa kimya. Haki gani hiyo, mmoja kupewa mshale mzima na mwenzake mshale kiziwi?

Sasa kuhusu ununuzi. Vijana wengi wanaangalia rangi, taa na bei. Mimi nasema anzeni na mishale, kwa sababu kwenye gemu za kupigana dole gumba la kushoto ndilo linalofanya kazi ngumu. Ukiwa bado dukani, zungusha kidole juu ya mishale yote minne polepole. Kila mmoja ubonyee na kurudi wenyewe, na ukiwa kwenye kona usikie miwili imeshuka pamoja. Zile pedi za bandia, mishale yake inashuka kama kitu kimoja kilichogandana. Hata muuzaji akishusha bei, iache. Analogi, kile kijiti cha kusukuma kwa dole gumba, kwenye gemu hizi haina kazi kubwa, kwa hiyo pedi iliyotumika ambayo analogi yake imeanza kujivuta yenyewe lakini mishale ni mizima, inaweza kukufaa kwa bei nzuri.

Angalia pia gemu yenyewe. Tekken ina batani nne za mapigo, mkono wa kushoto, mkono wa kulia, mguu wa kushoto na mguu wa kulia, nazo zinakaa sawasawa kwenye batani nne za pedi ya PlayStation. Street Fighter ina sita, ngumi tatu na mateke matatu, hivyo mbili zinahamia juu kwenye batani za R1 na R2, na hapo mwenye vidole vifupi anapata tabu. Ndiyo maana wachezaji wengi wa Street Fighter duniani wamependa fimbo ya kuongozea (joystick) au boksi la batani tupu. Na usinunue kabla hujajua utachezea mashine gani: pedi ya PS4 (PlayStation ya nne) haichezi gemu za PS5, na Tekken 8 iliyotoka Januari 2024 ilikuja kwenye PS5, si PS4. Nimeshuhudia watu wakiumia kwa hilo.

Wapo wanaosema bila fimbo huwezi kushindana. Mfaransa anayejulikana kwa jina la Luffy alitwaa ubingwa wa Ultra Street Fighter IV kwenye Evo, mashindano makubwa ya gemu za kupigana, ya mwaka 2014, Marekani, akiwa na pedi ya PlayStation ya kwanza kabisa. Knee wa Korea Kusini amejenga jina lake lote la Tekken kwa fimbo. Daigo Umehara wa Japani alitumia fimbo miaka mingi, baadaye akahamia boksi lisilo na fimbo, ambalo hata kulia na kushoto ni batani. Hakuna aliyewapangia washike nini.

Hilo boksi, kwa taarifa ya wasomaji, linatengenezeka hapahapa. La kwangu ni mbao ya msindano kutoka Mafinga, seremala amelitoboa matundu ya milimita 24 kwa vidole na moja la milimita 30 la dole gumba, ambalo ndilo la kuruka. Ndani kuna kibao kidogo cha saketi kiitwacho Raspberry Pi Pico, kilichoingia sokoni mwaka 2021 kwa dola 4 huko kwao, na programu yake, GP2040-CE, ni ya bure. Natumia kwenye kompyuta. Asubuhi za Julai, baridi ya Uyole inapokaza vidole, kugonga batani kunaniwia rahisi kuliko kusukuma mshale wa pedi. Lakini mdogo wangu alilijaribu, akalirudisha, akaendelea na pedi yake ya waya, na ananifunga vizuri tu.

Nimetaja waya makusudi. Pedi isiyo na waya ni raha ukiwa sebuleni. Ukumbini ni balaa: mtu aliyemaliza mechi yake anagusa batani ya katikati bila kujua, pedi inajiunga tena na mashine aliyotoka kuchezea, mechi ya wenzake inasimama katikati ya kombo, yaani mfululizo wa mapigo. Kwenye mashindano makubwa anayesababisha kusimama huko anaweza kupoteza raundi.

Kwa hiyo ninachoomba kwa waandaaji wetu, kuanzia Mbeya na Iringa hadi Njombe, hakihitaji fedha. Ruhusuni kila mchezaji aje na chake: pedi, fimbo au boksi, mradi kina waya na hakina batani ya kurudia mapigo yenyewe. Kwa maboksi fuateni kanuni inayotumika kwenye mashindano ya Capcom, kampuni ya Street Fighter, kwamba kulia na kushoto vikibonyezwa pamoja mhusika asimame wima, asiende popote. Kabla ya mechi toeni dakika moja wachezaji wote wawili wajaribu batani zao. Asiye na pedi apewe ya ukumbini, iliyofunguliwa na kusafishwa wiki hiyohiyo. Kazi hiyo niko tayari kuifanya bila malipo kwa mashindano yoyote yatakayofanyika hapa mjini. Na masharti haya yatangazwe mapema, ili anayepanda basi kutoka Tukuyu au Makambako ajue abebe nini.

Fundi wa gemu,
Mwanjelwa, Mbeya